Madabodi ya kompyuta ya gemu yenye rangi zako: namna ya kuichagua ukiwa Unguja au Pemba

Kijana anayetaka kujiundia kompyuta ya gemu siku hizi huanza na rangi. Ameona picha ya kompyuta nyeupe pepe yenye kioo ubavuni, au nyekundu na nyeusi, moyo umeshaenda, na sasa anauliza anunue madabodi gani ili na yake itoke vile. Hakuna ubaya. Chombo kitakaa mbele ya macho yako miaka, lazima kikupendeze. Lakini madabodi ndiyo inayoshikana na kila kitu kingine ndani ya kasha: prosesa, RAM, kadi ya picha, feni, taa. Ukikosea feni utabadilisha feni. Ukikosea madabodi utafungua kompyuta nzima, na kwa sisi wa visiwani kurudisha mzigo uliotoka Dubai, au hata Dar es Salaam, ni nauli nyingine na maneno mengi na muuzaji.

Msimamo wangu nauweka mapema. Rangi ichague baina ya madabodi ambazo tayari zinakufaa kwa kazi; isichague kabla ya hapo. Na madabodi yenyewe iwe nyeusi, nyeupe au ya fedha. Rangi kali waachie taa, feni na waya, kwa sababu hivyo unaweza kuvibadilisha siku ukichoka.

Hatua ya kwanza: ipange rangi kabla hujaingia dukani

Chukua karatasi uandike rangi tatu tu. Ya kwanza ni ya msingi: kasha na madabodi. Ya pili ni ya taa. Ya tatu ni ya vitu vidogo kama waya za pawasaplai, RAM na fremu za feni. Ukizidisha hapo, kompyuta inaanza kufanana na gari la harusi.

Mtu wa kwetu hahitaji kwenda mbali kutafuta mpango wa rangi. Kanga ya kisutu inakupa nyekundu, nyeusi na nyeupe: madabodi nyeusi, taa nyekundu, waya nyeupe. Huo ni mpango rahisi kuliko yote, maana bodi nyeusi zipo za kila bei. Simba ni nyekundu na nyeupe, kwa hiyo bodi nyeupe na taa nyekundu zinatosha. Yanga ni kijani na njano, na hapo bodi nyeusi inasaidia, maana rangi mbili zenye kelele zinahitaji mahali pa kutulia. Anayetaka bendera ya Zanzibar ana bahati: mistari yake kutoka juu ni buluu, nyeusi, kijani. Feni za juu zitoe buluu, za chini kijani, na madabodi nyeusi iliyo katikati inakuwa mstari wa kati bila wewe kuhangaika.

Mpemba anayetaka rangi ya karafuu kavu ana kazi kidogo. Taa haiwezi kutoa kahawia. Ukipunguza mwanga wa rangi ya chungwa unapata chungwa hafifu, basi. Kahawia lazima itoke kwenye vitu vyenyewe. Noctua, kampuni ya Austria, inajulikana kwa feni zake za kahawia na rangi ya maziwa ambazo wengi huziona mbaya. Kwa mpango huu ndizo hasa. Ziweke juu ya bodi nyeusi yenye mapambo ya dhahabu, kama zile za ProArt za ASUS, na taa moja tu hafifu ya chungwa nyuma.

Utaona nimezitaja bodi nyeusi, nyeupe na za fedha tu. Miaka ya 2013 na 2014 ilikuwa tofauti: MSI na ASUS walijaza maduka kwa bodi nyekundu na nyeusi, Gigabyte walikuwa na G1.Sniper za kijani, ASRock walikuwa na OC Formula za njano. Taa za kubadilisha rangi zilipoenea, watengenezaji wakarudi kwenye rangi za kupoa. Zile za zamani bado unaweza kukutana nazo kwenye mtumba, na zinavutia, lakini nyingi ni za DDR3, kizazi cha zamani cha RAM, na prosesa zilizokwisha zama. Usinunue kompyuta ya makumbusho kwa ajili ya hitisinki (chuma cha kupoza) ya njano.

Hatua ya pili: soketi, RAM na chipseti

Hapa rangi haina neno. Prosesa na madabodi lazima ziwe za soketi moja, yaani lile tundu la madabodi ambamo prosesa hukaa.

Kwa prosesa za AMD kuna soketi ya AM4, iliyotoka 2016 na inayotumia DDR4, na AM5, iliyotoka 2022 na inayotumia DDR5 pekee. AMD wenyewe wameahidi kuendelea na AM5 hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo bodi ya AM5 ya leo ina nafasi ya kupokea prosesa mpya baadaye bila kuvunja mpango wako wa rangi. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 inabeba prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, na LGA1851 ilikuja 2024 pamoja na prosesa za Core Ultra 200.

Mtego uko LGA1700. Bodi zake nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5, na majina yanakaribiana sana. Mara nyingi tofauti ni herufi mbili tu, D4, mwishoni mwa jina. RAM ya DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, pengo lake liko mahali tofauti. Usisukume. Tena, ukichukua prosesa kubwa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha kompyuta) kabla hujaanza kucheza: baadhi yao zilikuwa na tatizo la volti ya kupita kiasi, na marekebisho ambayo Intel iliyatoa 2024 yanaingia kupitia BIOS ya madabodi.

Chipseti, yaani chipu ya madabodi inayoipa bodi daraja lake, usiifikirie sana. A620 ya AMD na H610 ya Intel ni za kubana matumizi. B650 na B850 za AMD, B760 na B860 za Intel, ndizo za mtu wa gemu wa kawaida, na ndiko kwenye bodi nyingi nyeupe za bei inayovumilika. X na Z ni za wanaotaka nafasi nyingi za diski, au, kwa upande wa Intel, wanaotaka kuipandisha prosesa kasi. Mimi fedha ya ziada ningeipeleka kwenye kadi ya picha. Gemu haijui chipseti yako inaitwaje.

Hatua ya tatu: kipimo

ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa hupokea bodi ndogo, dogo halipokei kubwa.

Kwa kompyuta ya rangi kuna jambo moja zaidi. Micro-ATX ndani ya kasha kubwa la kioo huacha uwazi chini ya bodi, na kama kasha ni jeusi na bodi ni nyeupe, uwazi ule unaonekana kama jino lililong'oka. Ama chukua kasha la kipimo chake, ama panga feni tatu za taa chini zijaze pale.

Siku hizi ziko pia bodi ambazo matundu yote ya waya yamehamishiwa nyuma, ili mbele pabaki safi: Project Zero za MSI na BTF za ASUS. Zinapendeza mno. Lakini kasha nalo lazima liwe limetobolewa kwa ajili yake. Ukinunua bodi hiyo kwanza, ukaenda kutafuta kasha baadaye, unaweza kukaa nayo ndani ya boksi muda mrefu.

Hatua ya nne: itazame bodi taa zikiwa zimezimwa

Picha za matangazo zinapigwa gizani, taa zote zikiwaka. Tafuta picha ya bodi mchana, imelala, imezimwa, kwenye ukurasa wa mtengenezaji, kisha ujiulize: sehemu gani itaonekana kompyuta ikishaunganishwa?

Si nyingi. Kadi ya picha inalala katikati na kufunika karibu nusu ya chini yote, pamoja na zile ngao, zilizochorwa kwa ustadi, za diski za M.2, diski nyembamba zinazolala juu ya bodi yenyewe. Kipoza prosesa kinafunika katikati ya juu. RAM inaziba ukingo wa kulia, na waya nene wa umeme wa pini 24 unapita hapo hapo. Kinachobaki wazi ni kona ya juu kushoto: kifuniko cha matundu ya nyuma na hitisinki mbili zinazoizunguka prosesa. Kona hiyo ndiyo uso wa bodi. Ikikubaliana na mpango wako, kazi imekwisha. Nembo kubwa ya chini usiilipie, hutaiona tena.

Weupe una madaraja. AORUS Elite AX ICE za Gigabyte ni nyeupe mpaka ubao wenyewe. ROG Strix zenye herufi A mwishoni mwa namba, kama B650-A, zina hitisinki za nyeupe na fedha. Edge WiFi za MSI ni za fedha juu ya ubao mweusi. Prime za ASUS za bei ya chini mara nyingi ni ubao mweusi uliochorwa mistari myeupe. Zote muuzaji atakwambia ni nyeupe. Ukizitia pamoja na kasha jeupe, RAM nyeupe na kadi nyeupe za kampuni tofauti, moja itaelekea kwenye maziwa, nyingine kwenye barafu, na mwanga wa mchana kutoka dirishani utazifichua. Kama huwezi kuviona vifaa pamoja kabla ya kununua, chukua bodi ya fedha. Fedha inasameheana na weupe wowote, na pia na weusi.

Na hesabu mapema: toleo jeupe la kifaa kilekile aghalabu ni ghali kuliko jeusi, na bei hiyo inajirudia kwenye kila kifaa. Mpango mweupe kamili unaweza kukumegea kadi ya picha ya daraja moja juu. Uamuzi ni wako.

Hatua ya tano: matundu ya taa, mahali watu wanapounguza vitu

Kuna aina mbili za matundu ya taa kwenye madabodi na hazichanganywi.

La kwanza lina pini nne na linatoa volti 12. Taa zote zilizochomekwa hapo zinabadilika rangi kwa pamoja. La pili lina nafasi ya pini nne lakini moja imeachwa wazi, kwa hiyo zinabaki tatu, na linatoa volti 5. Hilo ndilo linaloitwa ARGB: kila kitaa kina akili yake, ndiyo maana unaweza kupata rangi inayotembea kutoka feni moja hadi nyingine. Ukiilazimisha feni ya volti 5 kwenye tundu la volti 12, taa zake zinakufa papo hapo. Soma maandishi madogo kwenye ubao pembeni ya tundu kabla hujachomeka: utakuta 12V au 5V, au majina kama RGB na ARGB.

Kwa mpango wa rangi mbili, tafuta bodi yenye matundu ya volti 5 yasiyopungua mawili, na bora matatu. Tundu moja linaweza kulisha feni kadhaa kwa mnyororo, lakini lina kikomo cha ampea kilichoandikwa kwenye kijitabu, mara nyingi 3. Ukivuka hapo tumia habu ya taa inayochukua umeme wake kutoka pawasaplai.

Kisha programu. ASUS wana Aura Sync, MSI wana Mystic Light, Gigabyte wana RGB Fusion, ASRock wana Polychrome. Feni za ARGB za kawaida zinaitii yoyote kati ya hizo. Feni za kampuni zenye plagi yao wenyewe hazitaingia kwenye bodi, zinataka kidhibiti chao na programu yao, na programu mbili za taa kugombana ndani ya Windows ni jambo la kawaida. OpenRGB, ambayo ni ya bure, inatambua vifaa vya kampuni nyingi kwa pamoja na ni nyepesi.

Ndani ya programu hizo rangi huandikwa kwa namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Namba hizo usiziamini kwa macho yaliyofungwa. Njano ya kitabuni, 255 nyekundu na 255 kijani, kwenye taa hizi hutoka imeelekea ukijani. Teremsha kijani hadi 150 au 170 ndipo upate njano ya jezi. Chungwa linataka kijani kipungue zaidi ya hapo, hadi kama 60. Nyeupe ya taa za RGB ina ubaridi wa buluu. Punguza buluu kidogo ikae vizuri na bodi nyeupe. Na nyeusi ni taa iliyozimwa. Kwenye mpango wa bendera, usiogope kuzima.

Hatua ya sita: mambo ambayo picha haikuonyeshi

Hitisinki za kuzunguka prosesa ziwepo upande wa juu na wa kushoto, na ziwe chuma kizito, siyo kifuniko cha plastiki. Ndizo zinazopoza sehemu inayolisha prosesa umeme, na chumba cha Unguja wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hakina ubaridi wa kukusaidia.

Hesabu matundu ya feni, na ya diski za M.2, mawili yanatosha wengi. Soma kijitabu pia, maana kwenye baadhi ya bodi ukitumia tundu fulani la M.2, tundu moja au mawili ya SATA (ya diski za kuunganishwa kwa waya) yanazimika. Kama intaneti yako ni ya simu, chukua bodi yenye Wi-Fi ndani yake. Adapta ya USB inayoning'inia nyuma inaharibu kazi yote ya rangi.

Kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa nakiona cha lazima. ASUS wanakiita BIOS Flashback, Gigabyte Q-Flash Plus, MSI Flash BIOS. Bodi ya B650 iliyokaa stoo inaweza isiitambue prosesa ya AMD ya Ryzen mfululizo wa 9000 hadi isasishwe, na kama huna prosesa ya zamani ya kuiwashia, kitufe hicho na flashi ya USB ndiyo njia yako.

Hatua ya saba: chumvi na umeme

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na hakuna madabodi ya gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa dirishani Forodhani au Mkoani. Usiweke kompyuta penye upepo wa moja kwa moja wa bahari. Kasha liwe na vichujio vya vumbi vinavyotoka na kuoshwa. Kompyuta inayowashwa kila siku hukauka kwa joto lake yenyewe. Inayofungiwa wiki nzima ndiyo inayopata kutu kwenye skrubu kwanza. Bodi nyeupe inaonyesha vumbi na madoa ya kutu haraka kuliko nyeusi, jambo la kulifikiria kabla ya kuchagua.

Umeme wa Unguja unavuka bahari kutoka bara, na wa Pemba unatoka Tanga tangu 2010. Waliokuwepo wanalikumbuka giza la Unguja la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Leo shida ya kila siku ni umeme kushuka, kukatika na kurudi kwa kishindo. Nunua UPS yenye stabilaiza ndani yake kabla ya feni ya nne ya taa. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, bodi inaweza isiwake tena. Fanya kazi hiyo kompyuta ikiwa kwenye UPS.

Hatua ya nane: kununua na kukagua

Ukianzia Darajani na Mlandege utapata RAM, diski, pawasaplai na makasha. Bodi nyeupe ya aina fulani huenda ukaiagiza kupitia Kariakoo ya Dar au kwa mfanyabiashara anayeleta mzigo Dubai. Ukiagiza, mtumie namba kamili ya bodi kama ilivyoandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji, usitume picha tu. B650M na B650 ni bodi mbili tofauti. Ushuru na usafiri uulize kabla ya kulipa.

Mkononi, kabla ya fedha kutoka: "Ami, niruhusu nifungue nitazame pini." Muuzaji mwema hatakasirika. Kwenye AM5 na soketi zote mbili za Intel nilizotaja, pini ziko kwenye madabodi, siyo kwenye prosesa. Inua kifuniko cha plastiki taratibu, washa tochi ya simu, uimulike soketi kwa mshazari, siyo kutoka juu. Pini nzima zitarudisha mwanga kwa usawa, zimenyooka kama safu za sala ya jamaa. Zungusha bodi polepole. Mahali mwanga unapokatika au kumetameta peke yake kuna pini iliyolala. Usiiguse, usikubali kuambiwa fundi ataiinua. Omba nyingine. Rudisha kifuniko, na ukitunze, maana ukidai dhamana utakihitaji.

Linganisha pia namba ya kibandiko kwenye bodi na ile ya boksi, na hakikisha ngao ya matundu ya nyuma ipo kama haikushikanishwa na bodi.

Kuhusu Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba ambazo wengi huanzia: ni mashine nzuri za kazi, lakini madabodi zake nyingi zina umbo na plagi za umeme za kampuni yenyewe. Hazihami kwenda kwenye kasha lako la kioo, na hazina tundu la taa. Chukua diski, na RAM kama aina inakubaliana, bodi iache ilipo.

Hatua ya tisa: kuiwasha

Iwashe nje ya kasha kwanza, juu ya boksi lake la karatasi. Unganisha pini 24, plagi ya prosesa ya juu kushoto, kipoza, na RAM mbili kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Usitumie RAM nne za DDR5 kwa ajili ya kujaza nafasi tu ipendeze, kasi hushuka. Ziko RAM bandia zenye taa pekee kwa kazi hiyo. Bodi ya AM5 inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza ikijifunza RAM. Iache. Vitaa vidogo vya uchunguzi pembeni vitakuambia imefika wapi: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha), BOOT (diski ya kuwashia).

Ikiwaka, ingia kwenye BIOS uwashe EXPO au XMP ili RAM ifikie kasi yake, zima umeme, kisha ihamishe kwenye kasha. Taa zichomekwe mwisho.

Kuna mpangilio mmoja wa BIOS ambao wengi hawaujui. Bodi nyingi huendelea kuzilisha taa hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kwenye chumba mnacholala ndugu watatu hilo litaleta ugomvi usiku wa kwanza. Tafuta ErP, mpangilio wa kubana umeme kompyuta ikiwa imezimwa, uiwashe, au mpangilio wa taa wakati kompyuta imezimwa, na uchague zote zizime.